Uchachu Uliobaki Jikoni

Chupa iko dirishani, na jua la alasiri linapita ndani yake kabla ya kunifikia. Zamani ilikuwa chupa ya asali. Nimeichemsha, nimeianika ikakauka, kisha nimeijaza kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, kitunguu, pilipili mbuzi tatu za manjano pamoja na mbegu zake, karafuu chache nzima, chumvi na maji ya ndimu, halafu nikamimina siki mpaka shingoni. Leo ni siku ya sita. Kabichi imeanza kuacha weupe wake na kupenyeza mwanga. Karoti imeyatia maji rangi ya machweo. Karafuu zimezama, zimelala chini kama misumari iliyong'oka kwenye ngalawa. Nyuma ya chupa mto unashuka. Maji haya ya Pangani yametoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na hapa mbele ya nyumba yetu yanakutana na bahari, yanasita, maji yakijaa yanasukumwa kurudi juu, yakitoka yanakwenda nayo. Kivuko kinakata kutoka huku kwenda Bweni, ng'ambo. Nikiinamisha kichwa kidogo nakiona kikiingia upande mmoja wa chupa na kutokea upande wa pili, kimepinda, kimekuwa kidogo kama kokwa, na watu wake wote wamo ndani ya siki. Nimekaa hapa tangu adhuhuri, na chai niliyojimiminia imeshapoa.

Hii si achari ya kwetu. Mdogo wangu anaishi Montreal, jiji la Kanada lenye Wahaiti wengi, na mlango wa pili kutoka kwake anakaa mama mmoja wa Kihaiti. Siku moja ya baridi mama yule alimbishia hodi akiwa na sahani ya samaki wa kukaanga, ndizi zilizokaangwa zikapondwa kidogo zikakaangwa tena, na kibakuli cha mboga mbichi zenye siki na pilipili. Wenyewe wanaiita pikliz. Usiku huo mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti, na sauti yake ilikuwa nzito. "Dada, nimelia, wala si kwa ukali. Ni achari ya bibi hii, ila imevaa nguo nyingine." Akanyamaza kidogo, nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akasema kwamba alimwuliza mama yule, pilipili hii mwaiitaje kwenu? Akajibiwa: piman bouk. Akauliza tena maana yake, akaambiwa kuwa piman ni pilipili na bouk ni mbuzi dume. "Pilipili ya beberu, Dada! Pilipili mbuzi!"

Tangu siku ile neno hilo halijaniondoka. Kati ya Pangani na Port-au-Prince kule Haiti kuna bara zima la Afrika, na baada ya bara kuna bahari ya Atlantiki. Hakuna mtu wa huku aliyekwenda kumnong'oneza mtu wa kule kwamba tunda hili dogo, lenye mikunjo kama uso wa mzee, liitwe kwa jina la mnyama. Kwa nini mbuzi? Wako wanaosema ni umbo lake, wako wanaosema ni harufu, na mimi niko na hao wa harufu. Aliyewahi kufuga mbuzi anajua kwamba beberu huwasili puani kabla hajafika machoni. Unamjua yuko nyuma ya ua hata kama hajalia. Pilipili hii nayo ndivyo ilivyo. Ikatwe mara moja tu, jikoni panajaa harufu nzito yenye utamu fulani wa matunda, na macho yanaanza kujiandaa kabla ulimi haujaguswa. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja na zizi lake na chungu chake, walinusa kitu kimoja wakakumbuka mnyama mmoja. Kwetu neno beberu lilikuja kubebeshwa mzigo mwingine, tukawaita hivyo wakoloni, na watoto wengi siku hizi wanaujua ubeberu kabla hawajamjua beberu mwenye ndevu. Nikiwaza historia ya kisiwa kile, naona hata mzigo huo wa pili ungewafaa.

Na pilipili yenyewe ni ya kwao kabla ya kuwa ya kwetu. Ilizaliwa Amerika, ikalimwa huko maelfu ya miaka. Tarehe 15 Januari 1493 Christopher Columbus, akiwa kwenye kisiwa hicho hicho ambacho leo kimegawanywa kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, aliandika katika daftari lake la safari habari za kiungo ambacho wenyeji Wataino walikiita ají, akasema ni bora kuliko pilipili aliyoijua yeye. Alikuwa ametoka kwao kutafuta pilipili ya Bara Hindi, ile nyeusi ya punje. Akakuta kitu kingine kabisa, akakipa jina la kile alichokikosa. Katika karne ya 16 Wareno wakaizungusha dunia, ikashuka kwenye bandari zetu, na sisi tukafanya vivyo hivyo. Pilipili kwetu ilikuwa ile ya punje nyeusi iliyokuja na majahazi. Mgeni alipofika akapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuongezewa neno ili atambulikane, akawa pilipili manga. Mara ngapi imekuwa hivyo katika pwani hii: anayekuja anakaa kitini, na aliyekuwepo anaulizwa wewe nani.

Lakini Kiswahili kilimpokea mgeni huyu kwa kitenzi kizuri. Pilipili haichomi, inawasha. Ni kitenzi kile kile cha taa, kibatari na moto wa kuni za mkoko. Wanasayansi walikuja kuthibitisha mwaka 1997 kwamba mwilini mwetu kipokezi kinachohisi joto la moto ndicho kinachoguswa na ukali wa pilipili, na mmoja wao, David Julius, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Bibi yangu hakuyasikia hayo. Lakini alipotaka kusema chakula kimepooza, alisema hakijawashwa. Kuku wake walikuwa wakidonoa pilipili kichaa uani bila kustuka, maana ndege hawana mlango ambao ukali huo unabishia. Wanakula, wanaruka, wanapanda mbegu wanakotaka. Ndiyo maana mche wa pilipili kichaa hukutwa umeota mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliofika.

Achari ya bibi ilikuwa ya embe. Ilianza mwezi wa Desemba, kaskazi ikishaanza kuvuma na jua likiwa halina huruma, na embe bado ngumu, kokwa zake hazijakomaa. Alizikata vipande kwa kisu cha mpini wa mti, akazipaka chumvi ya pwani, ile ya chengachenga inayotokana na maji ya bahari yanayoachiwa jua liyanywe, akazianika kwenye ungo juu ya paa la banda. Siku tatu, siku nne, jioni anaziingiza ndani, asubuhi anazitoa, kama mtu anayelea. Zikisinyaa na kuanza kujikunja, alizichanganya na kitunguu saumu, bizari, haradali, pilipili na siki, akaziweka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba na kuufunga kitambaa. Mtungi ulikaa pembeni, gizani, na sisi watoto tulikatazwa kuusogelea. Kosa kubwa kuliko yote katika nyumba ile, kubwa kuliko kuvunja kikombe, lilikuwa kutumbukiza kijiko chenye maji kwenye achari. Kijiko sharti kiwe kikavu. Mkono sharti uwe mkavu. Tone moja, alisema, na mtungi mzima unageuka.

Nimeiwaza sana subira ile. Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo haina kosa. Anayengoja mwembe umalize kazi yake hupata utamu. Lakini bibi alikuwa mvumilivu wa namna nyingine. Yeye aliichukua mbichi ikiwa mbichi, yenye ugwadu wa kutia meno ganzi, akaivumilia hivyo hivyo ilivyo, na baada ya wiki sita alikuwa na kitu kisichokuwa kibivu wala kibichi, ambacho mwembe peke yake usingeweza kukizaa hata ungepewa miaka. Hakuna methali niliyoisikia ya subira hiyo. Ya kungoja kiive tunayo. Ya kukifanyia kazi ambacho hakitaiva kamwe, ambacho upepo umekiangusha kabla ya wakati, ambacho mtu amekichuma mapema kwa sababu ya njaa au kwa sababu ya wezi, hiyo sijaisikia. Walioifanya hawakuwa na nafasi ya kutunga methali, walikuwa jikoni.

Na siki je? Siki ya bibi ilitokana na tembo la mnazi. Nyumba yetu haikunywa tembo, na mgema alipopita na vibuyu vyake bibi aligeuza uso; lakini kila mwaka alikuja mgema mmoja, mtu mzima, akaacha kibuyu kimoja nyuma ya ua bila maneno mengi. Tembo lile lililala kwenye chungu likichacha mpaka likapita ulevi, likapita harufu ya ulevi, likawa kali na safi kama maji yaliyokasirika. Hapo ndipo bibi alipoligusa. Nilipomwuliza, mtoto mchokozi nilikuwa, vipi haramu imekuwa halali, alinijibu kwamba wanavyuoni wamesema kileo kikigeuka siki chenyewe kimetakasika, na kwamba imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Sikuyaelewa sana siku ile. Leo nikiitazama chupa hii naona alikuwa akinieleza jambo kubwa kuliko umri wangu, kwamba kitu kinaweza kwenda mbele zaidi katika ubaya wake mpaka kikatokea upande wa pili kikiwa dawa, ilimradi kimeachiwa muda na chombo kisafi. Alimpenda mgema yule kwa sababu moja: hakuongeza maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo lenye maji halifiki kwenye siki, linafika kwenye uozo. Kuchacha na kuoza huanza njia moja na kuonekana ndugu, na anayepita haraka hawezi kuvitofautisha. Uchachu ukikolea, vijidudu vinavyoozesha na vinavyotengeneza sumu havipati pa kuishi. Ukiwa hafifu, vinapata.

Katika pwani hii tuna kachumbari na tuna achari, na majina yote mawili yamekuja na bahari, la kwanza kutoka Bara Hindi, la pili limeanzia Uajemi likapita huko huko. Kachumbari ni ya leo. Inakatwa watu wakiwa wameshaketi, inaliwa na pilau, ikibaki mpaka kesho yake inakuwa imenywea na kuaibika. Achari ni ya aliyeifikiria kesho. Anayetengeneza achari amekiri kwamba embe zitakwisha, kwamba masika yatakuja na samaki watapungua, kwamba kuna siku mezani patakuwa na wali mkavu na hakuna kingine. Nadhani ndiyo maana nyumba za wasafiri haziikosi. Baharia akiondoka alifungiwa kichupa. Mwanafunzi wa bweni alifungiwa kichupa. Mdogo wangu alipokwenda Kanada mama alimfungia, na kwenye uwanja wa ndege mmoja wa njiani wakamnyang'anya na kukitupa, naye anasema alichokitazama wakati mlango wa ndege unafungwa ni lile pipa la taka tu.

Sasa nifike kwenye sukari, maana nimekuwa nikiizunguka. Haiti, kabla haijawa Haiti, iliitwa Saint-Domingue, na mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa koloni la Kifaransa lenye kuzalisha sukari kuliko yote. Sukari ile ilitoka kwenye miwa, na miwa ililimwa na watu waliokamatwa Afrika, wengi wao pwani ya magharibi na Kongo, na wengine, jambo ambalo hatulisemi vya kutosha, pwani hii ya mashariki, kutoka Msumbiji, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema ndani ya ngama. Walikufa upesi kiasi kwamba mashamba yalikuwa yakiagiza watu wapya kila mwaka kama yanavyoagiza majembe. Mwaka 1791 wakaasi. Novemba 1803 wakalishinda jeshi la Napoleon huko Vertières, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi yao na kuipa jina la Wataino, Ayiti, nchi ya milima. Mwaka 1825 Ufaransa ikawarudia na manowari, ikawalazimisha kulipa faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wamiliki wao. Kiasi kilipunguzwa baadaye, lakini madeni yaliyotokana nacho hayakuisha mpaka mwaka 1947. Walikuwa wameukomboa mwili kwa damu, wakatozwa tena kwa fedha.

Nikitoka mlangoni kwangu na kupanda kandokando ya mto huu naifikia ardhi iliyokuwa na hadithi ya jinsi hiyo. Bonde la Pangani katika karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa na vinu vya kukamulia, na walioyalima walikuwa watumwa, na wenye mashamba walikuwa watu wa pwani hii: Waarabu, na Waswahili wenye uwezo. Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye tunamtaja kwa heshima kwa sababu aliwapinga Wajerumani na kunyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa na watumwa wake. Mambo haya mawili yamo katika mtu mmoja, na mimi sina uwezo wa kuyatenganisha wala sitaki. Watumwa wa bonde hili nao walitoroka, wakajijengea vijiji vyao ambako bwana hakuthubutu kuwafuata. Hatujui majina yao. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, na bibi wa bibi yangu alikuwa hai wakati huo. Upande gani wa sheria ile alikuwapo, hakuna aliyetaka kutuambia, na ukimya ule tumeurithi pamoja na ungo na mtungi.

Ninachokiona katika chupa hii ni kwamba sukari ilipanda chombo ikaondoka. Huko kwao na huku kwetu, kitamu kilikuwa cha kusafirishwa. Kilipimwa, kikafungwa, kikaandikwa vitabuni, kikawanenepesha watu waliokuwa mbali. Kichachu kilibaki jikoni. Ndimu hazikuagizwa na mtu. Pilipili iliota kando ya banda bila kibali. Mboga ya mwisho, jani la nje la kabichi, embe lililoanguka kabla ya siku yake, hivyo havikuandikwa katika daftari la shamba, na katika hivyo visivyoandikwa mwanamke fulani akaingiza mkono. Tunasema mwacha asili ni mtumwa. Wale walifanywa watumwa kwanza, na ndipo asili ikafukuzwa kwao kwa viboko, lugha ikachanganywa, majina yakabadilishwa, makabila yakatenganishwa makusudi. Na bado walipofika kwenye chungu walijua nini kiwashe na nini kichache. Kila tarehe 1 Januari Wahaiti hunywa supu ya maboga, joumou, ambayo inasimuliwa kwamba mabwana waliwakataza watumwa kuionja, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Pikliz haina orodha. Inakaa tu juu ya kabati, na ukipeleka samaki mezani bila hiyo utaulizwa iko wapi.

Hata karafuu zile chini ya chupa zina njia yao. Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliulinda kwa ukatili mkubwa. Mfaransa Pierre Poivre, ambaye jina lake la ukoo kwa Kifaransa ni pilipili, alihakikisha miche inatoroshwa na kupandwa Morisi mnamo mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ilitoka miche iliyokwenda makoloni yao ng'ambo ya Atlantiki, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikatoka iliyofika Unguja, kisha Pemba, ambako nako iliota kwa jasho la watumwa waliovushwa kutoka mrima huu, Pangani ikiwa miongoni mwa milango. Na ng'ambo ya kivuko, upande wa Kikogwe, Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893: miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62, na hiyo 62 ndiyo iliyoujaza mkoa mzima wa Tanga. Mkonge asili yake ni Meksiko, nchi inayopakana na bahari ile ile ya Karibi, na Haiti nayo katika karne ya 20 iliulima kwa mapana, karibu na Fort-Liberté. Nilikua nikiona mistari yake ya kijani inayokwenda mpaka macho yachoke, nikidhani ni mmea wetu wa tangu na tangu.

Kuitengeneza pikliz hii hakukunichukua muda. Kabichi na karoti zinatoka Lushoto, zinashuka milima ya Usambara kwa malori, zinafika Tanga, halafu huku kwetu zikiwa zimechoka kidogo. Nilichagua kabichi ndogo, nzito, inayolia ikibonyezwa. Ndimu nilipewa na jirani. Pilipili mbuzi zilikuwa za mche wangu mwenyewe. Mama yule wa Montreal alimwelekeza mdogo wangu, naye akanielekeza mimi, na maelekezo yote yalikuwa ya mkono: gao la chumvi, siki mpaka ifunike, pilipili kadiri ya moyo wako. Nilipouliza vikombe vingapi, mdogo wangu alicheka akasema alipouliza yeye, mama yule alimtazama kama aliyeuliza Bahari ya Hindi ina ndoo ngapi. Kilichonishangaza ni kwamba haipikwi wala haianikwi. Jua halihusiki. Kazi yote inafanywa na siki na muda, na kwa mtu aliyelelewa na ungo juu ya paa inakuwa kama kusali ukiwa umekaa: inajuzu, lakini mwili unauliza. Nilitumia siki ya dukani. Mgema wa siku zile amekufa, na vijana wanaopanda minazi sasa hawana muda wa kusubiri tembo lipite ulevi.

Jana, siku ya tano, sikuweza kungoja zaidi. Nilikaanga changu wawili na muhogo, ambao nao uliletwa huku na Wareno kutoka upande ule ule wa dunia, nikachota kwa kijiko kikavu. Kabichi ilikuwa bado inalia menoni. Uchachu ulitangulia, safi, ukafungua mashavu; kisha ikaja harufu ya karafuu kwa mbali, kama mtu anayepita nje ya dirisha; kisha beberu akafika. Machozi yalinitoka, na katika machozi yale nikamwona bibi amekaa kibarazani na ungo mapajani, na pembeni yake mwanamke mwingine nisiyemjua, mweusi kama yeye, kanga yake si kanga, analia na kucheka kwa sababu hiyo hiyo. Siwezi kudai undugu ambao hakuna karatasi inayouonyesha. Pengine hakuna mtu hata mmoja wa bonde hili ambaye kizazi chake kiko Haiti leo. Lakini walioandika karatasi ndio waliochukua sukari, na mimi sioni kwa nini niwaachie wao peke yao kazi ya kusema nani ni ndugu wa nani.

Mdogo wangu sasa ananiomba achari ya bibi. Anataka kumpelekea mama yule, kwa maana kibakuli hakirudishwi kitupu. Na hapo ndipo nilipogundua umaskini wangu. Mambo mengi nayakumbuka, ungo, kitambaa, kijiko kikavu, lakini sijui kama haradali ilisagwa au iliachwa nzima, sijui bizari iliingia kabla ya siki au baada, sijui ni siku ngapi kamili za jua. Nilikuwa mle jikoni kwa miaka kumi na mitano. Nilidhani mtungi ule ungekuwepo siku zote. Dukani chupa za achari zimepangwa mstari mzuri, nyingine zimevuka bahari kuja, na sizilaumu, ila hakuna hata moja iliyonijibu. Nimekwenda kwa mama wawili watu wazima wa mtaa huu na mmoja wa Bweni. Kila mmoja ana yake, na kila mmoja kabla ya kuanza kunieleza ameniambia, "Lakini hii si kitu, mwanangu, ni achari tu." Nimekuwa nikiandika kila neno, pamoja na hilo.

Pale mtoni wanajenga daraja lenye urefu wa mita 525, kwa ajili ya barabara itakayokwenda Saadani mpaka Bagamoyo, na siku likikamilika kivuko hakitapita tena ndani ya chupa yangu. Nitafurahi kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri usiku. Mwembe wa nyuma ya nyumba umeshatoa maua. Kama una mama au bibi aliye hai, muulize wiki hii, kabla embe hazijaiva: haradali ilisagwa, au iliachwa nzima? Niandikie atakalokujibu. Na ukipita Pangani mwezi wa Desemba njoo na chupa yenye mfuniko, iliyokauka kabisa.